Kabla ya Kung'oa Pazia, Tazama Dirisha

Kuna video inayozunguka kwenye simu za watu wiki hii. Bedsita ya kawaida, yaani nyumba ya chumba kimoja, moja ya zile za Roysambu, Nairobi. Mpambaji wa nyumba anaingia, analishika pazia la leso lililotenga kitanda na viti, analing'oa na waya wake, analitupa sakafuni na kutangaza kwamba ushamba umekwisha. Kisha zinaonyeshwa mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, za rangi ya kahawa zilizosimamishwa kutoka sakafuni hadi darini, na taa za utepe zikimulika pembeni. Watu wamesifu kwa maelfu. Mimi jicho langu limeganda kwenye dirisha. Limebaki upande wa viti. Upande wa kitanda umekuwa stoo.

Nimeudhika. Waliosifu wamesifu rangi na taa, na sikuona hata mmoja aliyeuliza atakayelala nyuma ya zile mbao atavuta hewa gani.

Aliyewahi kupanga Nairobi anaijua bedsita bila kuelezwa: mlango mmoja, dirisha moja, balbu moja katikati ya dari, na soketi pale fundi alipotaka yeye. Kule Pipeline na Zimmerman dirisha lenyewe mara nyingi linatazama ukuta wa ploti ya pili, karibu kiasi cha kumsikia jirani akisonga ugali. Saa sita mchana watu wamewasha taa. Sasa chukua chumba hicho ukikate katikati kwa ubao usio na tundu. Umempa mmoja dirisha, mwenzake umempa giza. Balbu nayo imebaki upande mmoja, soketi upande mmoja, kwa hiyo utapitisha ekstensheni chini ya kitanda na kuwasha taa kutwa nzima, na tokeni za stima zitakwisha kabla mwezi haujafika katikati.

Taa utanunua. Hewa ndiyo inayonitia hofu. Juni hadi Agosti jiji hili lina baridi, madirisha yanafungwa, nguo zinaanikwa ndani, na kona isiyofikiwa na upepo inaota ukungu mweusi nyuma ya godoro. Wapo wanaoingiza jiko la makaa ndani ili chumba kipate joto. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na tumeshazika watu waliolala na jiko wasiamke. Kifua kikuu nacho huenea kwa hewa, na wahudumu wa afya hawachoki kutuhimiza tufungue madirisha. Halafu mtu anakuja na drili, anajenga chumba kisicho na dirisha ndani ya chumba, nasi tunampigia makofi kwa kuwa picha imetoka vizuri. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba nyuma ya divaida, yaani hicho kigawa-chumba, mara nyingi, ndiko wanakolazwa watoto.

Mimi nimelelewa Kariobangi, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande huu wazazi, upande ule sisi watoto pamoja na mitungi ya maji. Mama alilishona kwa doti moja ya leso, vipande vyote viwili upindo kwa upindo, akalipunguza makusudi: juu lisifike darini, chini lisiguse sakafu. Balbu ilikuwa moja, na kwa ule mwanya wa juu ilitumulikia sote. Nilifanya hesabu za shule upande wetu huku baba akisikiliza taarifa ya habari kwenye redio upande wao. Asubuhi pazia lilikusanywa likafungwa fundo, chumba kikawa sebule, wageni wakaketi kitandani. Dada yangu alipovunja ungo, Mama aliongeza pazia la pili bila hotuba yoyote, na tangu siku hiyo hakuna mvulana wa nyumba ile aliyelipita bila kusema hodi. Tulipiga hodi kwenye kitambaa, na tulingoja kuitikiwa. Anayeita hilo ushamba hajafundishwa sitara ni nini.

Wala hatukuanza sisi wa ploti. Nenda Lamu. Nyumba za mawe za mji ule wa kale, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kwa matumbawe na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Mgeni wa kawaida huishia dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo faragha inavyozidi, na mwanga unatoka kiwandani, ule uwanja ulio wazi juu. Wenye nyumba hizo walikuwa watu wa mali. Mbao walikuwa nazo, mafundi wa nakshi walikuwa nao, milango yao inashuhudia hadi leo. Hata hivyo palipotakiwa kutengwa pa kulala, mwishoni mwa msana, kile chumba chembamba kirefu, walitundika pazia, na mwanga wa kiwandani ukaendelea kuingia. Mombasa nako, ukipita Mji wa Kale, inua macho uzitazame roshani: mbao zimetobolewa kwa nakshi, upepo unapita, aliye ndani anaiona barabara na aliye barabarani hamwoni.

Na huko ng'ambo tunakodhani mitindo inatoka? Wachina walikuwa na skrini za kukunja, yaani vigawa-chumba vya kusimamisha sakafuni, tangu zama za kale, na zile za laka zilizopelekwa Ulaya kupitia pwani ya Coromandel nchini India zilikuwa za kukunjwa vilevile. Shoji ya Japani ni karatasi kwenye fremu ya mbao, na mwanga unaipenya ukiwa umelainika. Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Paris, alitengeneza katika miaka ya 1920 skrini ya vipande vya mbao vilivyopakwa laka, kila kimoja kikizunguka kwenye chuma chembamba. Ukitaka mwanga unavigeuza. Charles na Ray Eames wakatoa yao ya plaiwudi iliyopindwa mwaka 1946, unaikunja unaisogeza kando. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfungia mtu gizani.

Sawa, nakubali mambo mawili matatu kwa shingo upande. Pazia halizuii sauti. Linanasa vumbi na harufu ya vitunguu, na likisogea karibu na meko ya gesi ni hatari ya moto. Zile mbao nazo zinapendeza. Mwenye nyumba Kileleshwa yenye madirisha pande mbili aziweke, sina ugomvi naye, na fundi apate riziki yake.

Lakini kwa chumba kimoja agiza kitu kingine. Pale Ngong Road, kwa wale mafundi wanaopanga vitanda na viti kando ya barabara, niliwahi kumsikia mama mmoja akiagiza divaida ya ubao mzima.

"Mama, dirisha liko wapi?" fundi akamuuliza.

"Liko upande wa sebule."

"Basi nikutengenezee fremu, katikati tusuke. Nikiziba hapo utanirudia unalia ukungu."

Mama alisimama kidogo, akakubali. Fundi yule angeweza kumuuzia ubao na kupata pesa zaidi, na hakufanya hivyo. Huyo ndiye ningependa tumtazame kwenye simu zetu.

Alichopendekeza kinaeleweka na kila fundi wa mbao. Fremu tatu za saiprasi, urefu wa futi sita basi, zikiunganishwa kwa bawaba zinazokunja pande zote mbili. Katikati pasukwe kamba ya katani, na hapo wasusi wa vyondo wa Kariokor wana mengi ya kutufundisha, au pawambwe kikoi. Dari za nyumba zetu nyingi zina futi nane au tisa. Hizo mbili tatu za juu ziache wazi, dari ipakwe nyeupe, na mwanga utaruka hadi kitandani. Rafu ya vitabu isiyo na mgongo inafaa pia, mradi ikazwe ukutani isije ikamwangukia mtoto. Asiye na pesa za fremu anunue shia, kile kitambaa chepesi cha pazia, Eastleigh, avute waya, na asimwonee haya mtu. Jambo moja tu nasisitiza kwa yote haya: ikiwezekana, anzia katikati ya dirisha, ili kila upande upate kipande chake.

Siku ya kuhama skrini ya kukunja inapanda pikapu pamoja na godoro. Zile mbao za darini zinabaki kwa mwenye nyumba, na dipoziti yako inabaki naye kwa ajili ya matundu.

Na kwa wenye nyumba na wanaochora ramani nina neno, maana hawa ndio hasa wanaonikasirisha. Mitaa kama Shauri Moyo na Ziwani ilijengwa na wakoloni kwa hesabu ya vitanda vya wanaume waliokuja kufanya kazi mjini. Wake na watoto hawakuwa kwenye hesabu hiyo, na walipokuja, pazia ndilo lililokuwa chumba cha pili. Leo hatuna mkoloni wa kumlaumu. Mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu una nyumba ya chumba kimoja ya mita 20 za mraba, na wenye ploti binafsi wanajenga bedsita finyu kuliko hiyo. Kila anayechora anajua kwamba humo ataishi mtu, mwenzake na mtoto. Anajua, na bado kwenye mchoro hakuna mahali pa kutundika hata kitambaa. Mpangaji akigonga msumari, keateka, yule mwangalizi wa ploti, yuko mlangoni.

Reli ya aluminiamu darini ni kitu kidogo sana katika gharama za kujenga ghorofa. Ikazwe kabla ya rangi, ikianzia katikati ya dirisha na kwenda hadi ukuta wa pili. Balbu ziwe mbili, kila moja na swichi yake. Soketi iwe kila upande. Mwenye nyumba unayejenga sasa hivi Utawala au Githurai, kama umesoma hadi hapa, hujachelewa: mpigie fundi wako wa stima leo, kabla hawajapiga plasta.