Kijitabu Hakimshiki Mtoto

Juzi nilikwenda kumwona mdogo wangu, siku chache tu baada ya kujifungua. Nilimkuta amejiinamia kitandani, chuchu zimechanika mpaka zinatoa damu, mtoto analia njaa. Pembeni ya mto kuna kijitabu alichopewa siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Ukurasa wa kwanza unamweleza kwamba maziwa ya mama ni bora. Hilo alilijua hata kabla ya kushika mimba. Asilolijua ni namna ya kumweka yule mtoto kwenye titi, na tangu ajifungue hakuna aliyekaa akamtazama ananyonyesha, hata mara moja.

Hasira niliyotoka nayo pale bado ninayo.

Sibishani na Shirika la Afya Duniani linaposema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Ninachobishania ni hii tabia ya kumwambia mzazi lililo bora, kisha kumgeuzia mgongo. Aliyemwokoa mdogo wangu ni mkunga mstaafu anayefahamiana na mama yetu. Alinawa mikono, akavuta kiti, akatazama kwanza bila kusema neno. Mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu tu. Akamgeuza, tumbo lake likagusana na la mama, pua ikaelekea chuchu, wakasubiri apanue mdomo kisawasawa. “Mlete mtoto kwenye titi, mwanangu, usimpelekee yeye titi.” Kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukabinuka nje, na nikaona mabega ya mdogo wangu yakishuka. Haikufika nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo mzazi anayonyimwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto waangaliwe si chini ya mara 4: ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Wazazi wangapi wanaambiwa tu, “Rudi wiki ya sita”? Kufika wiki ya sita, aliyekuwa anavuja damu ameshaacha kunyonyesha, na watu wanasema amechagua maziwa ya kopo. Amechagua wapi? Amekosa msaada, basi.

Na yupo anayechagua kweli, ameelezwa, amesaidiwa, na bado akaamua kopo, au hali yake haimpi njia nyingine. Huyo naye ananyamaziwa, eti kumwelekeza ni kutangaza biashara. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zinazuia kuyapigia debe hayo maziwa. Hazimzuii muuguzi kumwonyesha mama anayeyahitaji kwamba maji yachemshwe na yatumike kabla hayajapoa chini ya nyuzi 70, vipimo vya unga visipunguzwe ili kopo lidumu, na maziwa yaliyokaa zaidi ya saa 2 yamwagwe. Ukimnyima maelezo hayo, anayeumia ni mtoto.

Fomu ya ridhaa, ya kukubali matibabu, anayopewa mama katikati ya uchungu, hawezi hata kuketi, nayo ni habari hiyohiyo: angeelezwa kliniki miezi mingapi kabla! Baba naye afundishwe, asiachwe amesimama koridoni. Halafu kuna sonona, ambayo kwa makadirio ya Shirika hilohilo ndiyo kubwa kati ya matatizo ya akili yanayowapata takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua. Kumuuliza mama “Unajisikiaje?” na kungoja jibu hakuhitaji mashine.

Haya, nakubali, wauguzi ni wachache na wodi zimejaa. Lakini mbona mtoto hatoki wodini bila kupimwa uzito? Kazi iliyowekewa nafasi kwenye kadi hufanyika, hata siku ya msongamano. Basi kadi iwe na mstari mmoja zaidi: mama ametazamwa akimlisha mtoto, mwanzo hadi mwisho, na aliyemtazama aandike jina lake na saa. Mstari huo ukiwa mtupu, mama asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka mtu avute kiti akae naye.