Wiki ya Hamisitatu

Najua ile picha ya skrini ya ratiba yetu ya zamu mmeshaiona. Aliyeisambaza ni jamaa yangu wa meza ya jirani, na kwa maelezo yake nimefuta seva nzima. Uongo mtupu. Sikufuta hata faili moja. Nilibadilisha majina ya siku za wiki tu, pamoja na ya binadamu wawili ambao hawakuombwa ruhusa.

Ratiba zetu za zamu ni faili za maandishi matupu, kila mwezi na yake, ndani ya folda `zamu`. Juma kahamishwa, zamu zake anachukua Hamisi. Sasa nani akae kufungua faili za mwaka mzima moja moja wakati `sed`, programu ya kubadilisha maandishi kwa amri moja, ipo?

`sed -i 's/juma/Hamisi/gI' zamu/*.txt`

Tuisome taratibu, maana humo kila herufi ina kesi ya kujibu. `s` inatafuta juma na kuweka Hamisi mahali pake. `g` inabadilisha kila mahali neno linapotokea kwenye mstari. Bila hiyo `sed` inagusa la kwanza tu na kusonga mbele. `I` inapuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, kwa sababu wenzangu wako wanaoandika JUMA kama wanamfokea na wako wa juma. `-i` inaandika matokeo ndani ya faili yenyewe badala ya kuyaleta kwenye skrini uyaone kwanza. Ile `I` niliiweka kwa madaha kabisa, nikajiona fundi.

Nikabonyeza. Kimya. `sed` ikifanikiwa haisemi kitu. Ikiharibu, haisemi kitu vilevile.

Nikafungua ya mwezi huu kwa `less`, programu ya kusomea faili. Macho yangu yalianzia safu ya kulia, kwenye majina ya watu: Hamisi, Hamisi, Hamisi. Safi. Nikashuka. MwaHamisi. Nikapita. Nikarudi. MwaHamisi ni nani? Ndipo nikateremsha macho polepole upande wa kushoto, kama mtu anayekagua gari aliloligonga mwenyewe:

`HamisiTATU 06:00 Hamisi, Neema`
`Hamisinne 06:00 MwaHamisi, Asha`
`Hamisitano 06:00 Hamisinne, Hamisi`
`Alhamisi 06:00 Neema, Asha`
`IHamisia 06:00 Hamisi, MwaHamisi`

Utaona mstari wa tatu Hamisinne yuko zamu siku ya Hamisitano. Huyo ni dereva wetu Jumanne. (Ee, nilisahau kuwa tuna dereva anaitwa Jumanne. Nacheka na nyie, lakini mimi nacheka kwa maumivu.) Alhamisi peke yake ndiyo iliyotoka salama, nikaiangalia kwa upendo.

Vidole vikakimbilia Ctrl-C. Ctrl-C inazuia programu inayoendelea. `Sed` ilikuwa imeshamaliza zamani, iko nyumbani imelala. Na ilipogonga saa 12 jioni, `cron`, programu inayoendesha kazi kwa saa uliyoipangia, ambayo nina mstari wangu humo unaoanza na `0 18 * * *` (dakika 0, saa 18, kila siku), ikawatumia watu wote ratiba yao kwa barua pepe kama kawaida. Swali la kwanza kwenye kundi: "Hamisitano ni sikukuu?" La pili lilitoka kwa Mwajuma, sitaliandika hapa.

Mtu mwenye akili angenyanyua mikono kutoka kwenye kibodi. Mimi nikaandika kinyume chake:

`sed -i.bak 's/hamisi/Juma/gI' zamu/*.txt`

Mmeiona hiyo `.bak`? Safari hii nilikuwa makini. Kiambishi hicho kinaiambia `sed` itunze faili ya zamani kabla ya kuigusa. Kwa hiyo nikatunza, kwa uangalifu mkubwa, nakala ya uharibifu.

Jumatatu ikarudi, ila pale palipokuwa na JUMATATU sasa pana JumaTATU. Ijumaa ikarudi na nundu katikati: IJumaa. Alhamisi yangu, ile niliyoipenda, ikawa AlJuma. Na Hamisi, ambaye miaka yote alikuwa na zamu zake halali humohumo, akatoweka duniani. Zamu zote ni za Juma, mtu aliyehamishwa. Majina mawili yakishaunganishwa kuwa moja, hakuna amri itakayokumbuka nani alikuwa nani; hiyo habari haimo tena kwenye faili.

Aliyeniokoa ni huyohuyo mpiga picha, na ndiyo maana namvumilia. Zamani alitengeneza folda `kumbukumbu` kwa `ln zamu/*.txt kumbukumbu/`, bila `-s` ya kutengeneza njia ya mkato, akaita hiyo bekapu. Tulimcheka, kwa haki kabisa: `ln` ya namna hiyo haitoi nakala, inaipa faili ileile jina la pili. Ukiongeza mstari kwa `>>` upande mmoja, unaonekana kote kuwili. Lakini `sed -i` ya GNU (ile ya kawaida kwenye Linux) haiandiki juu ya faili. Inaandika faili mpya ya muda pembeni, kisha inaipa jina la ile ya zamani. Ya zamani inabaki inaning'inia kwenye lile jina la pili, haijaguswa. `ls -li` ikanionyesha namba mbili tofauti za ainodi (namba inayotambulisha faili yenyewe, si jina lake), na ndani ya `kumbukumbu` Jumatatu yupo, Mwajuma yupo, Jumanne anaendesha gari. Na kwa kuwa wenzangu huongeza mistari kwa `>>`, hata marekebisho ya asubuhi yalikuwemo.

Basi: `cp` (amri ya kunakili) kurudisha, nikafuta zile `.bak`, nikaomba radhi kundini, yakaisha. Kisha nikafanya nilichopaswa kuanza nacho:

`grep -hio '[[:alpha:]]*juma[[:alpha:]]*' zamu/*.txt | sort | uniq -c`

Hii inaleta kila neno lenye "juma" tumboni, na idadi yake. `sort` lazima itangulie, kwani `uniq`, inayohesabu yanayofanana, inalinganisha mistari inayofuatana tu. Wote walijitokeza kwenye orodha, kuanzia Ijumaa hadi Mwajuma. Amri sahihi inazungushia neno mipaka:

`sed -i.bak 's/\bjuma\b/Hamisi/gI' zamu/*.txt`

`\b` ni ukingo wa neno, kwa hiyo Jumanne hagusiki. Ila alama ya mstari wa chini inahesabiwa kama herufi, hivyo `juma_usiku` itapitwa. Sisi tulikuwa nazo chache, nikazirekebisha kwa mkono, kwa adabu.

Asubuhi hii Hamisi kanipigia. Siku ambazo zamani alipangwa pamoja na Juma, ratiba sasa inasema `Hamisi, Hamisi`, na anataka kujua kati yao wawili ni yupi anayebeba ufunguo. Nimeshazitafuta kwa `grep -n 'Hamisi.*Hamisi' zamu/*.txt`. Ziko nyingi. Jamaa yangu kashapiga picha.