Victoria haihukumiwi kwa upande mmoja wa santuri

Hoja inayorudiwa sana kuhusu Victoria Jazz, bendi ya benga, ule muziki wa magitaa wa Waluo wa Kenya, kuanzia Kondele kule Kisumu hadi Nakuru, ni kwamba walirekodi kupita kiasi: nyimbo kumi tamu, zilizobaki za kujazia tu. Wanaosema hivyo si wageni wa benga. Wengi wanaijua vizuri, na wakitaka kukushinda watakuwekea nyimbo sita mfululizo kwenye simu: zote zinaanza na solo inayofanana, sauti mbili zinaingia pamoja, tajiri fulani anasifiwa kwa jina la kijiji chake, kisha wimbo unafifia. Ukisikiliza hivyo ni vigumu kubisha. Ila kilichosikika hapo ni nusu ya kazi, na mara nyingi nusu yenyewe imeharibiwa njiani kabla ya kufika masikioni.

Kwanza tukubaliane tunabishania bendi ipi. Ochieng' Nelly Mengo na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz mwaka 1972. Tangu hapo santuri zilitoka kwa majina ya Victoria Jazz, Victoria B Kings, Victoria C Kings, Victoria Kings, wakati mwingine wawili hao wakiwa pamoja, wakati mwingine kila mmoja akiongoza kikosi chake. Mwenye kusema Victoria ya zamani ilikuwa bora, bila kutaja jina lililoandikwa kwenye lebo, anazungumzia bendi nne kwa mpigo. Kwa D.O. Misiani, mkongwe mwingine wa benga, ni vivyo hivyo: kuna Shirati Luo Voice, kuna D.O. 7 Shirati Jazz, kuna Shirati Jazz, na aliyezoea mmojawapo atashangaa mwenzake anasifu nini.

Sasa kuhusu ile nusu. Benga ya miaka ya 1970 ilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano kwa sauti nzuri. Ukizidisha, mifereji inayopitiwa na sindano inabanana, sauti inapungua, na besi ndiyo inayoumia kwanza. Kwa hiyo wimbo wa dakika nane ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Upande A una utangulizi, ubeti, majina na kisa. Kisha sauti za waimbaji zinaondoka, rithimu inakaza, besi inapanda juu ya magitaa na solo inaanza kuzunguka kipande kimoja kifupi, ikibadilisha noti moja moja hadi mchezaji asahau ulianzia wapi. Hapo ndipo urithi wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, unaposikika wazi, kidole kikirudia mdundo kwenye nyuzi chache bila kuchoka. Sehemu hiyo kwa kawaida iko upande B. Fundi wa studio alififisha upande A pale hasa magitaa yalipokuwa yakianza kuwaka, akafungua upande B papo hapo.

Aliyepakia wimbo kwenye intaneti kwa kurekodi upande A peke yake ametupa utangulizi bila jambo lenyewe. Nyimbo zote za Victoria zitafanana kwa msikilizaji wa namna hiyo, kwa sababu tofauti zake ziko nyuma. Ukiziweka pande za B pamoja utasikia bendi inayojaribu vitu: besi inayoacha pigo la kwanza tupu, gitaa la pili linalojibu solo badala ya kuisindikiza, ngoma zinazonyamaza kwa mizunguko miwili kisha kurudi kwa kishindo. Haya si majaribio ya kelele. Ni majaribio ya watu walioshika kanuni moja wakaisukuma kila upande.

Kosa la pili ni kasi, nalo linawapotosha hata wasikilizaji wazuri. Wimbo uleule wa Victoria unaweza kuupata mara mbili kwenye intaneti, mmoja juu ya mwenzake karibu nusutoni nzima, yaani hatua ya noti moja hadi ya jirani yake kwenye gitaa. Watu wanabishana kama Collela alikuwa na sauti nyembamba au nzito, kumbe wanabishana kuhusu mota ya mtambo wa kuchezea santuri. Hesabu yake ni hii: kosa la asilimia sita linapandisha sauti kwa nusutoni moja, na wimbo wa dakika nne unaisha sekunde 14 mapema. Sauti zinakuwa za kitoto, solo inasikika ya haraka na ya ustadi kuliko ilivyopigwa. Kosa kama hilo kuelekea chini linaifanya bendi ionekane imechoka.

Kupima ni rahisi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa santuri, anzisha saa ya simu, hesabu mizunguko kwa dakika moja nzima, sindano ikiwa juu ya santuri, maana uzito wake nao unapunguza kasi kwenye mtambo dhaifu. Inatakiwa 45. Ukipata 47 umepanda karibu asilimia nne na nusu, yaani robo tatu za nusutoni. Kwenye mitambo inayozungushwa na mota kwa mshipi, mshipi uliolegea huteleza na kupunguza kasi, hasa kwenye besi nzito. Uliobadilishwa kwa mshipi mnene usio wake hupandisha. Hapa kwetu umeme ni wa hezi 50, kwa hiyo ile karatasi ya mistari ya kupimia kasi chini ya taa lazima iwe ya hezi 50. Ya Marekani ni ya 60 na itakudanganya.

Wengine hutumia programu ya kutuni gitaa kusahihisha rekodi. Msiitegemee. Bendi hizi zilitunia magitaa yakubaliane yenyewe kwa yenyewe, hazikuwa na sababu ya kufuata kipimo cha kimataifa cha hezi 440. Ukiulazimisha wimbo uangukie kwenye noti sahihi za programu unaweza kuuharibu uliokuwa sawa. Afadhali utafute mvumo wa umeme wa studio. Fungua faili kwenye programu inayoonyesha masafa kwa picha, kagua sekunde za mwanzo kabla magitaa hayajaingia. Ukiona mistari miwili jirani, mmoja kwenye 50 na mwingine kwenye 52, ule wa 50 huenda ni wa mtambo wako na wa 52 ni wa studio ya zamani: wimbo unakwenda asilimia nne kasi kupita kiasi. Si kila santuri ina mvumo unaosikika, lakini ukiwepo ni shahidi bora kuliko sikio.

Kuna na lile la kuyumba, sauti ikipanda na kushuka kila baada ya sekunde moja na theluthi. Huo ni mzunguko mmoja wa santuri, na maana yake tundu haliko katikati. Santuri nyingi za hapa zina tundu kubwa la milimita 38 na plastiki ya kuziba isiyokaza. Tazama mkono wa mtambo, ule unaobeba sindano: ukicheza kulia na kushoto, sogeza santuri kidogo sana kinyume, jaribu tena hadi mkono utulie. Kazi ya dakika tano. Ni ajabu nyimbo ngapi zimepachikwa jina la kwamba magitaa hayakutuniwa, kosa likiwa ni plastiki.

Kuhusu mikwaruzo, haya yanatosha. Santuri zilizochezwa baa zililiwa na mikono mizito ya mitambo, wakati mwingine na sarafu iliyowekwa juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke. Osha kwa maji yaliyochemshwa mvuke ukakusanywa, yale ya betri yasiyo na asidi, na matone mawili ya sabuni ya vyombo, lebo ikiwa kavu. Kwa santuri za mono, zenye sauti ya njia moja tu, jaribu sindano ya mviringo ya mikroni 25 badala ya 18; inagusa ukuta wa mfereji mahali pengine, ambapo huenda hapajaliwa. Changanya njia ya kushoto na ya kulia kwa kiwango sawa, kelele zinazotokana na sindano kupanda na kushuka zitafutana zenyewe. Kisha acha. Programu za kuondoa kelele zikikazwa hula matoazi na ule mkwaruzo wa kucha kwenye waya, na bila huo solo ya benga inakuwa uji.

Wapo watakaoniambia: hata upande wa B, kwa kasi sahihi, bado nyimbo za kusifu matajiri ni nyingi mno. Ni nyingi, ndiyo. Pakruok, ile desturi ya mtu kujisifu na kusifiwa ngomani huku akitoa pesa, iliingia studio pamoja na bendi, na mtu aliyetajwa kwenye santuri alikuwa sehemu ya riziki ya wanamuziki. Lakini kuziita za kujazia ni kutozisikiliza. Jina la mtu, la mama yake na la kwao lina mdundo wake, na mtunzi mzuri aliujenga ubeti mzima juu ya silabi hizo. Ukibadilisha jina, solo haikai tena. Misiani alikwenda njia nyingine, akatumia visa vya Biblia, historia za koo na mafumbo ya siasa yaliyomtia mikononi mwa polisi zaidi ya mara moja, na ndiyo maana watu walimwita Mfalme wa Historia. Kwa maneno, Shirati inashinda. Kwa magitaa, Victoria, na sitahama hapo.

Pia hizi hazikuwa albamu. Kila santuri ilinunuliwa peke yake, ikachezwa kati ya wimbo wa George Ramogi, mwanabenga mwingine, na wa Wakongo. Mfanyabiashara wa santuri Oluoch Kanindo alizisambaza hadi kusini mwa Afrika, ambako jina la lebo yake ya Sungura likageuka kuwa jina la muziki mzima kule Zimbabwe. Chandarana wa Kericho alirekodi na kuuza karibu na wasikilizaji wenyewe. Hakuna kati yao aliyepanga nyimbo 20 za bendi moja zifuatane. Mkusanyiko wa Victoria Kings uliotolewa Uingereza na GlobeStyle mwaka 1993, na ule wa Shirati wa Sterns mwaka 2010, imefanya kazi kubwa ya kuokoa, lakini ukiucheza mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho utachoka hata kama kila wimbo ni mzuri. Sikilizeni santuri tatu za bendi moja, pande zote, kisha wekeni bendi nyingine, kama Continental Luo Sweet Band au Kajulu Boys, ndipo mrudi.

Hata hivyo siwezi kutetea kila kitu. Kaseti ilipoishinda santuri mwishoni mwa miaka ya 1980, kikomo cha dakika tano kilikwisha, na pamoja nacho nidhamu ya kujua wimbo unapaswa kuisha wapi. Nyimbo za dakika 12 zikaja ambazo kipande cha magitaa kinaanza dakika ya tatu na hakina pa kwenda. Kinanda na ngoma za mashine vikachukua nafasi ya mpiga ngoma, na besi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa benga ya ziwani, ikabaki kufuata mashine badala ya kuisukuma bendi. Kibaya zaidi ni marudio: wimbo wa miaka ya 1970 unaimbwa upya kwa jina lilelile, na sasa mashabiki wawili wanautaja, mmoja akiwa na rekodi ya kwanza kichwani, mwingine ya pili.

Kuzitofautisha si kazi. Wimbo wa dakika saba au zaidi usiokatika popote haukutoka kwenye upande mmoja wa santuri ndogo. Ukiwa ni pande mbili zilizounganishwa, utasikia mshono katikati: sauti inafifia, mkwaruzo wa chini unabadilika, kisha magitaa yanarudi yakiwa yametangulia pigo moja au mawili. Usiposikia mshono, na ngoma ndogo inapiga kwa nguvu ileile kila mara bila kupungua hata chembe, hiyo ni rekodi ya baadaye. Wanaounganisha pande mbili nawaomba wasizichanganye kwa kupishanisha sauti, maana mapigo ya mwanzo wa upande B mara nyingi ni yaleyale ya mwisho wa upande A, na mchanganyiko unazaa ukungu. Acheni sekunde moja ya kimya.

Na mnapopakia, piga picha ya lebo zote mbili na namba zilizochongwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo. Lebo zilibandikwa vibaya viwandani mara nyingine, A ikawa B, lakini namba ya kuchongwa ilikwenda na chuma cha kukandamizia. Wimbo wenye namba hiyo tunaweza kuupanga kwenye mfuatano wa rekodi, tukajua ni Victoria ipi, na ubishi wetu wa Kondele ukaanzia hapo badala ya kuanzia kwenye simu ya mtu.