Masuku kwenye nyumba ya kupanga

Ndoa ikivunjika hapa Lubumbashi, mwanamke hakosi washauri. Kila anayeleta sahani ya bukari, ugali wetu, anakuja na neno lake: omba, lala, nenda Kipushi kwa dada yako ukapumzike. Siku hizi umeongezeka ushauri mmoja ambao nadhani umetoka kwenye simu: panda maua, moyo utatulia. Nimeambiwa hivyo na watu wengi mpaka nikaanza kuwakwepa. Maua hayajawahi kumlipia mtu kodi ya nyumba.

Kwenye kitalu nilienda hata hivyo, na nitarudi. Sibishi kwenda, nabisha sababu. Wao wanasema nenda ukafarijiwe. Mimi nasema nenda ukahojiwe.

Kitalu chenyewe kiko barabara ya Kasenga, ukishavipita vile vyote vinavyouza mitende ya mapambo na nyasi za kutandaza mbele ya geti. (Mji huu una ugonjwa wa mitende. Mtu akimaliza kujenga, hata pazia hajatundika, tayari kuna mitende miwili getini, na kivuli chake hakimtoshi kuku.) Mzee wa hapo anaotesha miti ya msitu wetu tu: masuku, ule wa matunda, mupundu, mukula, na mingine ambayo wengi wetu tunakutana nayo ikiwa imeshakuwa makala, yaani makaa ya kupikia. Mukula ni ule mti mwekundu uliokatwa kwa pupa huku kwetu ukasafirishwa Uchina, mpaka mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Anayo michache, na haitoi kwa mtu yeyote tu.

Nilimwambia nataka mti. Hakuuliza mti gani.

"Mama, parseli ni yako?"

Nikamwambia kiwanja si changu, napanga mtaa wa Bel-Air.

"Utakaa pale miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu nihame nilikuwa nahesabu kwa mwezi: kodi ya mwezi huu, umeme wa mwezi huu. Na hakuna rafiki aliyeniuliza habari za miaka. Wote wanauliza umeamkaje, umekula, usiku ulilala? Ni wema, siukatai, lakini wema wa namna hiyo unakuweka mgonjwa kitandani. Muuza miche hakuwa na shida na usingizi wangu. Alitaka kujua nitakuwa wapi mti ukianza kuzaa, kwa sababu bila jibu hilo hawezi kuchagua wa kunipa.

Masuku sote tunayajua yakiwa kwenye beseni, mvua zikishaanza, akina mama wakiyauza kando ya barabara. Mti wake ndio wenye mambo. Kuna mti dume na mti jike, na ukiotesha mbegu huwezi kujua umepata upi mpaka utoe maua. Kwa mti wa mbegu, matunda ni baada ya miaka kumi na zaidi. Ukikuta ni dume, umengoja miaka yote hiyo upate kivuli. Hapo nilicheka sana, na mzee akacheka pia, ingawa sidhani tulikuwa tunacheka jambo moja.

Njia fupi ipo. Anatafuta mti jike unaosifika kwa utamu, anabandua gamba la tawi kulizunguka, upana wa vidole viwili hivi, anapazungushia udongo wenye unyevu, anafunga kwa plastiki na kukaza kamba huku na huku mpaka inaonekana kama pipi kubwa. Mizizi ikishatoka mle ndani, tawi linakatwa na kupandwa. Lile tawi halianzi utoto upya, limetoka kwa mama aliyekwisha kuzaa, kwa hiyo linaweza kutoa matunda baada ya miaka michache. Tena unajua hakika kwamba ni jike. Matawi mengi hayakubali, yanakauka yakiwa na bandeji yake, na alinionyesha yaliyokufa bila aibu yoyote. Nilimwamini zaidi kwa hilo. Vile vitalu vya mitende hakuna kinachokufa mbele ya mteja.

Lakini fahari yake hasa ilikuwa udongo. Alichukua mfuko mweusi ambao mche wake ulikuwa umekauka, akaupasua kwa wembe, akafikicha bonge kiganjani na kunisogezea. Ndani mlipita nyuzi nyeupe nyembamba kuliko uzi wa kushonea. Ni kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya masuku: wanauletea mti maji na madini, mti nao unawapa sukari. Miti mingi ya miombo inaishi hivyo, na uyoga mwingi tunaonunua msimu wa mvua ni zao la kuvu hao. Ndiyo maana mzee hachoti udongo popote. Anaenda chini ya masuku iliyokomaa, anachota kidogo, anachanganya kwenye mifuko yake. Mche bila udongo huo unadumaa. Basi anayekata msitu mzima achome makala anaondoa na hiyo chachu ya ardhini, na ukija kupanda baadaye utashangaa kwa nini mti hautaki.

Nilikuwa nimefuatana na rafiki yangu anayekaa mtaa wa Penga Penga. Naye alitaka mche. Mzee alimkatalia palepale, pesa zikiwa mkononi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa miaka na miaka ulikuwa unaelekea upande wao. Udongo wa pale umejaa shaba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu huko nyasi za asili pamoja na chokaa na mboji, waone kama ardhi iliyobaki uchi inaweza kufunikwa tena. "Anza na chokaa, Mama, mti baadaye," mzee alimwambia. Rafiki yangu alinuna njia nzima. Mimi naona huo ndio uuzaji wa heshima.

Hauzi ua la shaba pia, lile la zambarau ambalo wanajiolojia walilifuata kutafuta madini na wanaakiolojia wakalifuata kutafuta mahali ambapo wazee wetu waliyeyusha shaba. Linapenda ardhi yenye sumu ya shaba. Kwenye bustani nzuri linaugua. Najua kuna anayengoja nilifananishe na mwanamke aliyeachwa. Atangoja sana.

Nilichukua masuku mmoja wa tawi, jike, kwa bei isiyofika gunia la makala, na kwa mpango wa kuupanda mvua zikikolea. Dada yangu aliposikia aligomba. Kupanda mti kwenye nyumba ya kupanga, alisema, ni kumtajirisha mwenye nyumba. Ana hoja, na wapangaji wengi wa mji huu wanafikiri kama yeye, matokeo yake parseli za kupanga ni saruji na vumbi tupu. Mimi sikubaliani. Tunapita tukila embe za mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya, na wengi wa waliopanda miti ile hatuwajui hata kwa jina. Ila pia sioni kwa nini mpangaji atoe bure. Mkataba wa nyumba unataja bomba, vioo na kitasa cha mlango. Kuongeza mstari mmoja wa mti hakuzuiwi na mtu.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenye nyumba. Nimependekeza nikiondoka kabla mti haujazaa anirudishie gharama ya mche, na nikiwepo matunda tugawane nusu kwa nusu. Amekubali mti. Kwenye matunda anataka theluthi mbili, kwa kuwa ardhi ni yake. Nimemjibu kwamba maji ni yangu, na bado tunabishana.