Kompyuta Kuu Isiyozimwa: Sifa au Hatari?

Mafundi wa kompyuta kuu (meinfremu, mashine kubwa zinazobeba kazi za benki na mashirika) huitaja kwa fahari mashine iliyomaliza mwaka bila IPL, yaani bila kuzimwa na kupakiwa upya mfumo wake endeshi. Ndiyo kazi ya meinfremu, isikatike. Ila fahari hiyo inasaidia nini siku kituo kikuu kikiungua na mfumo ukatakiwa kuamka kwenye kituo mbadala?

Wanaopinga IPL za mara kwa mara hawasemi ovyo. Kuzima CICS (programu inayoendesha miamala), Db2 (hifadhidata) na mengineyo kwa mpangilio, kisha kuyainua tena, hula muda, na kila hatua ni nafasi ya kukosea. Isitoshe, z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu, hupokea mabadiliko mengi ikiwa kazini.

Tatizo limejificha humohumo. Fundi akitoa amri ya SETPROG kuongeza maktaba ya programu kwenye orodha ya APF (maktaba zilizopewa idhini maalumu na mfumo), badiliko huingia kwenye memori na kufanya kazi papo hapo. Akisahau kuliandika kwenye PARMLIB, yaani mipangilio iliyo kwenye diski ambayo mfumo huisoma unapoamka, nani atagundua? Leo mambo yanakwenda, na mwezi ujao vilevile. Lakini kinachonakiliwa kwenda kituo mbadala ni diski, si memori. Siku ya maafa mfumo utasoma PARMLIB ya zamani, programu iliyotegemea maktaba ile itaanguka, na aliyetoa amri huenda alishahama kazi. IPL iliyopangwa ingemuumbua mapema, mafundi wote wakiwa macho.

Hata hivyo, anayeihesabu IPL kuwa jaribio la maafa anajidanganya. IPL huamsha mfumo uliozimwa kistaarabu. Maafa hayabishi hodi. Db2 iliyokatika ghafla hulazimika kupitia logi zake, kurudishia miamala iliyokamilika na kutengua iliyokwama njiani. Kazi moja iliyokaa saa kadhaa bila komiti (kuthibitisha mabadiliko yake) yatosha kuchelewesha kila kitu. Nakala ya papo kwa papo inayokwenda kituo mbadala nayo hubeba makosa pamoja na data. Mwaka 2012 kundi la benki la RBS la Uingereza halikukwamishwa na moto wala mafuriko, bali na usasishaji wa programu inayopanga kazi za batchi, yaani zinazochakatwa kwa mafungu. Wateja wa benki zake za NatWest na Ulster Bank walitaabika, na mwaka 2014 wasimamizi wakalitoza faini ya pauni milioni 56. Kwa hitilafu za namna hiyo, kituo cha pili hakifui dafu.

Hoja ya kukatika kwa huduma imepungua nguvu. Parallel Sysplex, teknolojia ya kuunganisha mifumo kadhaa ifanye kazi kama mmoja iliyokuja 1994, huruhusu mifumo kupumzishwa mmoja mmoja huku mingine ikibeba kazi, na meinfremu ya IBM z15 ya 2019 huongezewa nguvu ya prosesa kwa dakika 60 wakati wa kuamka. Mwenye mfumo mmoja tu hana anasa hiyo ya kupokezana kazi. Kwake IPL ya kila robo mwaka, nionavyo, inatosha.

Mwenye mifumo kadhaa afanye IPL kwa zamu. Wote wawili, mara moja moja, wagandishe nakala ya diski kazi zikiwa zimepamba moto, kisha waiamshe kwenye kituo mbadala kwa mikono ya mafundi ambao hawakuujenga mfumo huo.