Tangi jipya lina utepe, bomba bovu halina mwenyewe

Juzi tuliitwa ukumbini hapa Kisumu kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Kitabu kinene kama msahafu tulikabidhiwa asubuhi hiyo hiyo, na kabla ya chakula cha mchana tukawa tumeshashirikishwa, eti. Nilikuwa na swali moja tu: pesa za kukarabati mabomba ya maji safi na maji taka ziko ukurasa gani? Afisa akapekua, akapekua tena, kisha akaniambia niandike swali kwenye karatasi, litajibiwa. Karatasi yenyewe niliiacha mezani, imeshikwa na chupa ya soda isipeperuke.

Visima na matangi, lo! Hivyo havikuhitaji kutafutwa. Kila wadi na chake, jina la kijiji limeandikwa. Mheshimiwa atasimama kando ya tangi jeusi, akate utepe, apigwe picha. Nani atapigwa picha na valvu iliyozikwa chini ya barabara ya Manyatta?

Hapo ndipo ninapokasirika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Nia ni njema, mishahara isimeze kila kitu. Lakini kwenye vitabu vya hesabu tangi jipya ni maendeleo, ilhali kuziba bomba linalovuja huishia kwenye matumizi ya kawaida, kapu moja na chai ya mikutano na mafuta ya magari ya wakubwa. Fundi wa bomba anagombania shilingi na gari la serikali. Mnadhani nani hushinda?

Wataniambia ukarabati ni kazi ya kampuni ya maji, na kampuni inaishi kwa bili tunazolipa. Sawa. Ila nchini kwetu takriban lita nne kati ya kila kumi zinazosafishwa haziingizi hata senti: zinavuja, zinaibwa, au zinapita kwenye mita iliyokufa. (Wezi nao tunawajua, tunasalimiana nao kila asubuhi.) Maji ya mtambo wa Kajulu angalau yanateremka yenyewe kutoka mtoni. Ya mtambo wa Dunga yanavutwa Ziwa Victoria kwa pampu, kwa hiyo kila lita inayomwagika njiani imeshalipiwa stima na dawa. Halafu pengo la pesa likionekana, dawa ya kampuni ni kuomba bei mpya, na anayelipa bili kwa uaminifu ndiye anayebebeshwa mzigo wa bomba bovu.

Maji taka ndiyo yatima kabisa. Mtaani kwetu kuna shimo ambalo mvua ikinyesha tu linatapika. Mama anayeuza omena hapo amepanga mawe manne ili wateja wavuke bila kukanyaga uchafu. Vijana wa ukarabati huja na fito zao, wanachokoa, maji yanashuka, wanaondoka. Mvua inayofuata tuko pale pale. Bomba ni jembamba kwa watu tulio sasa, na bomba pana halimo katika kile kitabu. Uchafu unafuata mtaro hadi ziwani, kwenye ghuba ile ile ya Winam ambako Dunga inavuta maji ya kunywa. Kwa hiyo tunalipa tena kuyasafisha.

Sisemi visima vifutwe. Kuna sehemu za Seme na Nyakach ambako bomba ni hadithi. Huko wachimbiwe, hata kesho.

Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mpigie mwakilishi wadi wako kabla ya hapo, umwambie adai kifungu cha ukarabati peke yake, kiseme ni bomba gani, la mtaa gani, kwa pesa ngapi. Akijibiwa kwamba hiyo ni kazi ya kampuni, awaulize kampuni yenyewe ni ya nani kama si ya kaunti.