Sumaku ya Ubongo Inauzwa Tiba Kabla Haijapewa Nafasi ya Kupima

Nimetumiwa tangazo la video linalomwonyesha mzee aliyeketi kitini, koili, yaani waya uliozungushwa, imewekwa juu ya kichwa chake, huku sauti laini ikiahidi kwamba mipigo ya sumaku "huamsha kumbukumbu zilizolala". Aliyenitumia anamuuguza mama yake mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, na alitaka kujua jambo moja tu: je, akope fedha ampeleke?

Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Tangu Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipoionyesha mwaka 1985, kanuni yake imebaki ileile: umeme ukipita ghafla katika koili huzaa uga wa sumaku, uga huo huvuka fuvu bila upasuaji, na ndani yake huamsha mkondo mdogo wa umeme katika neva zilizo sentimita mbili au tatu chini ya koili. Hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo Alzheimer, aina mojawapo ya dimenshia, huishambulia mapema, iko ndani zaidi ya hapo. Tangazo halikulitaja hilo. Bila shaka muda wa video haukutosha.

Linaloniudhi hasa ni kwamba kazi ambayo sumaku hii imeonyesha uwezo wa kuifanya vizuri, yaani kusaidia kutambua ni dimenshia ya aina gani, hakuna anayeitangaza. Mgonjwa hubandikwa elektrodi kwenye msuli wa mkono, kisha sehemu ya ubongo inayoongoza mkono huo hupigwa mpigo mmoja wa sumaku, nao msuli hushtuka. Neva ya kifundo cha mkono ikiguswa kwa umeme kidogo takriban milisekunde ishirini kabla ya mpigo, mshtuko wa mtu mzima wa afya hupungua waziwazi. Kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer haupungui ipasavyo, kwa sababu upungufu huo, ambao ni kama breki ya ubongo, hutegemea asetilikolini, kemikali ileile ambayo ugonjwa huo huipunguza. Katika dimenshia ya sehemu za mbele na za kando za ubongo, breki hiyo kwa kawaida husalimika, na kinachoharibika ni mwitikio wa mipigo miwili ya sumaku inayofuatana kwa karibu. Watafiti wa Brescia, Italia, walionyesha mwaka 2017 kwamba vipimo hivi viwili vikisomwa pamoja huweza kuyatenganisha magonjwa hayo kwa usahihi wa kuheshimika.

Anayedhani hilo ni jambo dogo hajaona familia iliyoishi miaka kadhaa na utambuzi usio sahihi. Dimenshia ya sehemu za mbele mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka 65, na mara nyingi huanzia kwenye tabia: mtu mpole huwa mkatili wa maneno, mwangalifu hutapanya fedha, mwenye haya hupoteza haya. Mke humdhania mumewe ameacha kumpenda, watoto huona aibu, na daktari mwenye haraka huandika sonona. Au huandika Alzheimer na kumpa dawa za kuongeza asetilikolini, ambazo katika ugonjwa huu hazina faida iliyothibitishwa na zinaweza hata kuzidisha vurugu za tabia. Kuiambia familia hiyo kwamba ni ugonjwa, na ni ugonjwa upi, kunawaondolea miaka ya kulaumiana. Lakini kipimo hufanywa mara moja na mtu akaenda zake, ilhali tiba huuzwa kwa vipindi, wiki baada ya wiki, na nadhani hapo ndipo shauku ya matangazo ilipo.

Nakiri, shingo upande, kwamba tiba nayo haikosi dalili njema. Kikundi cha Giacomo Koch huko Roma kilichapisha mwaka 2022 utafiti wa wagonjwa 50 wa Alzheimer isiyo kali sana, waliotibiwa kwa wiki 24 kwa kulenga prekuniasi, sehemu ya juu nyuma ya ubongo ambayo sumaku huifikia. Waliopata mipigo halisi kwa wastani hawakushuka sana, na waliopata mipigo ya kuigiza, kwa ajili ya kulinganisha, waliporomoka. Hata hivyo, kutoshuka kwa miezi sita hakufanani na kumbukumbu "kuamka". Machi 2019, kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini Marekani, ilipochunguza kifaa kilichochanganya sumaku na mazoezi ya akili, haikuridhika na ushahidi wa manufaa yake. Koili hulia na kugonga ngozi ya kichwa, kwa hiyo hata kuigiza tiba kwa uaminifu ni kazi ngumu, na pasipo kundi la kulinganisha, tabasamu la mzee kwenye video halithibitishi chochote.

Kipimo nacho kina kasoro zake. Breki ya asetilikolini hudhoofika pia katika dimenshia ya chembe za Lewy, aina nyingine ya ugonjwa huo, dawa nyingi za neva huvuruga matokeo, na vituo hutofautiana katika namna ya kupima, kiasi kwamba viwango vya kawaida kwa kila umri bado havijakubaliwa. Hizo ni kasoro za kurekebishwa kwa utafiti wa pamoja wa vituo vingi, na mashine nyingi zilikwisha kununuliwa kwa ajili ya kutibu sonona, matumizi ambayo FDA iliyaruhusu tangu 2008. Baadhi yake zingehitaji tu elektrodi za msuli, kifaa cha kuamsha neva ya mkono, na fundi aliyefunzwa kusoma mawimbi.